Tangazo Lililosomeka "Picha Nzuri"

Chapchap, ndivyo walivyomwita sokoni, maana hakuna kazi iliyowahi kulala mkononi mwake. Alimaliza shule, akachoka kukaa nyumbani, akapewa kuendesha ukurasa wa soko mtandaoni. Meneja anabandika tangazo ukutani, yeye analipiga picha, analirusha, basi. Ila kila akirusha, simu inamwomba aeleze picha kwa ajili ya wasioona. Ili isimsumbue, anajaza "picha nzuri", anasonga mbele.

Sasa mjomba wake haoni. Miaka kumi na moja anasuka viti vya kamba hapo hapo sokoni, na simu yake humsomea kila kitu, mbio mbio kama mtu anayekimbizwa. Jumatatu ikamsomea: picha nzuri. Mjomba akacheka, akabonyeza kupenda, akaandika chini, "Hongera mjomba, siku hizi mpiga picha!"

Picha yenyewe ilisema hivi: asiyethibitisha kizimba chake cha biashara mpaka Ijumaa, kinapewa mwingine. Majirani walithibitisha wote. Mjomba hawakumwambia, si mpwa wake ndiye mwenye ukurasa?

Jumamosi Chapchap akamkuta nje ya geti, kakalia robota la kamba, kiti kimoja kimesukwa nusu. Muuza ndoo keshapanga ndoo zake kwenye kizimba cha mjomba. Mjomba alikuwa anailaumu simu kwa kutomsomea tangazo. Imezeeka, alisema, inaruka maneno, hebu amwangalizie.

Kusema ndiyo, imechoka, kulikuwa rahisi mno. Hakuna ambaye angejua. Chapchap akaishika, akaigeuzageuza.

"Simu nzima, mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa naijaza upuuzi."

Mjomba hakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisimama, akamshika kiwiko, akamwambia waende kwa meneja, akaseme hivyo hivyo bila kupunguza. Akasema. Meneja akajibu kwamba kizimba kimeshaandikwa jina lingine. Labda upande wa nyuma, kikipatikana.

Wakarudi kwenye robota. Mjomba akapapasa kamba, akaendelea kusuka.

"Na hizo nyingine zilikuwa zinasemaje?"

Zilikuwa arobaini na mbili. Chapchap akaanza kusoma ya kwanza: maji kukatwa siku mbili. Ya pili: choo kimehamishiwa upande wa machinjio.

"Kumbe," mjomba alisema. "Siku ile nilipapasa ukuta mpaka nikajiona nimerukwa na akili."

Chapchap akaishusha simu.

"Soma," mjomba akamwambia. "Bado arobaini."