Maiti Aliyepiga Chafya

Kinyozi mmoja alitengeneza filamu ya muuaji wa panga, ya kutisha na kuchekesha, humo humo kwenye kibanda chake cha kunyolea. Damu ilikuwa rangi ya chakula iliyokorogwa na sukari, na panga lilikatwa kutoka kwenye boksi. Shangazi yake, fundi cherehani, alicheza mteja anayeuawa kitini. Alikufa vizuri, ila baada ya kufa akapiga chafya. Kurudia haikuwezekana, maana damu ilikuwa imekwisha.

Filamu ilipowekwa mtandaoni, maoni yakamiminika. Mmoja aliandika, "Panga limekunjika, muuaji analinyoosha!" Mwingine akataka arudishiwe saa moja aliyoipoteza kuitazama. Lakini wengi waliicheka ile chafya. Kinyozi alisoma yote, kisha akamwambia shangazi yake, "Naifuta. Wamekufanya kichekesho."

"Kwani wewe ulitaka walie?" shangazi akamuuliza. "Hebu lete simu."

Akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka akamfikia mama mmoja aliyeandika kwamba hakuwa amecheka tangu afiwe na mumewe, na kwamba ameiangalia mara mbili pamoja na wanawe. Shangazi akayarudia maneno hayo kwa sauti.

Kinyozi hakuifuta. Shangazi naye, kwa kidole kimoja, akamwandikia yule mama: "Pole, mwenzangu. Mimi pia ni mjane, mwaka wa sita huu. Wanao wana umri gani?"

Jibu lilikuja kabla hajavua miwani.