Vidole vya Bi Jawahir

Kioo cha mashine ya alama za vidole kilikataa kidole gumba. Kikakataa cha shahada. Caroline, karani wa mapokezi hospitalini, akasema, "Jaribu cha pete, mama."

Bi Jawahir akajaribu. Mashine ikalia mlio wake wa kukataa.

Hadi, mwanawe, alikuwa amemshika kwapa asianguke. Alikuwa ametoka kazini Shimanzi na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Miguu ya mamake ilivimba hata kanda za viatu zikazama kwenye nyama. Figo zake zilikuwa zimekufa. Asiposafishwa damu, maji humjaa mpaka kifuani, na tangu jana alikuwa akilala ameketi. Wiki iliyopita pia mashine ilimkataa, akarudi nyumbani bila kusafishwa. Isipomtambua, bima ya serikali hailipi, na wao wenyewe hawakuwa na cha kulipia.

"Pangusa kioo," Hadi alisema.

"Nimepangusa, kaka. Vidole vyake havina mistari."

Kweli havikuwa nayo. Tangu afiwe na mumewe, Bi Jawahir aliwalea wanawe kwa kuuza manda, vile vichapati vyembamba vya kufungia sambusa, pale Kibokoni. Manda huambuliwa juu ya chuma zikiwa moto, moja moja, kwa ncha za vidole, kwani zikipoa hukatika. Ngozi iliungua, ikaota, ikaungua tena, mpaka ncha zikawa laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Kila mwanamke wa manda anavyo vidole hivyo. Mji wa Kale wote unajua.

"Zamani ulikuwa ukitazama kitambulisho, unaandika," Hadi alisema. "Mamangu unamjua. Andika."

"Hakuna pa kuandika. Wamepaondoa."

"Kina nani?"

"Wakubwa waliokaa maofisini Kizingo wakaipanga mashine hii. Sisi tuliitwa siku ya kufundishwa, imeshanunuliwa. Nikauliza, je, asiye na alama? Bwana mmoja akacheka. Akanambia swali zuri, ila lilitakiwa kuja mwanzo."

"Na huo mwanzo mlikuwa wapi nyinyi?"

"Hapa, kwenye kiti hiki. Nani angetuita?"

Mzee mmoja kwenye foleni akaguna. "Jamani, na sisi tuna maradhi."

"Wamesema apumzishe vidole," Caroline alisema kwa sauti ya chini, "ngozi irudi."

"Mwanangu," Bi Jawahir akamwambia Caroline, akivuta pumzi kati ya neno na neno, "tangu niugue sijashika chuma. Haikurudi." Kisha akacheka kidogo, akakohoa. "Mji mzima umekula kwa vidole hivi. Harusi ngapi! Leo havijulikani ni vya nani."

"Pigia wakubwa simu," Hadi alisema.

"Nimepiga asubuhi. Wanasema kasoro hiyo itazingatiwa watakaponunua nyingine."

"Lini?"



Hadi akauchukua mkono wa mamake, akakibandika kidole gumba kwenye kioo, akakandamiza kwa nguvu zake zote. Mashine ikalia. Hakuachia. Ikalia tena.

"Wee bwana, hiyo si kengele ya mlango!" mzee akafoka.

"Waniumiza, Hadi," mamake alisema.

Akaachia. Akamgeuza polepole kuelekea mlangoni, kifua cha mamake kikikoroma kila hatua. Nyuma yao yule mzee akapangusa kioo kwa ncha ya kanzu, akaweka kidole chake. Mashine ikakisoma mara moja.