Kipepeo cha Mtani

Saa tano asubuhi mabati ya chumba chao pale Mtendeni yalianza kulia, ka, ka, kama mahindi kikaangoni, na Koleta akajua muda wa kumtoa mumewe umefika. Alimwinamia, akampa shingo aishike. Raymundi, aliyewahi kubeba gunia huku anapiga mluzi, siku hizi alikuwa mwepesi kama tita la majani makavu.

"Taratibu, mayo," alisema, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Kifua hiki nimeazima."

Chake alikiacha kwenye machimbo ya dhahabu, alikovuta vumbi la mawe ujana wake wote. Daktari hakuwa na dawa ya vumbi lile. Alikuwa na ushauri: mtafutie mgonjwa mahali penye hewa, mama. Na kwa mtu asiye na veranda wala ofisi yenye feni, hewa ya Tabora ilikuwa mahali pamoja tu: bustani ya katikati ya mji, chini ya mijohoro, ambako Koleta aliuza michembe yake ya viazi vilivyokaushwa na Raymundi akalala ubavu hadi jua lilegee. Kukaa bure, kuhema bure. Ujamaa wenyewe, kama ulikuwapo, ulikuwa pale.

Siku hiyo waliikuta imezungushiwa kamba. Vibarua walikuwa wamekwisha chimba msingi hadi kwenye mizizi, na mashoka yameegemezwa mitini yakingoja hotuba. Zama zile hata mti haukukatwa bila hotuba. Koleta alikwisha kwenda ofisini kulia shida yake. "Maoni yako tumeyapokea, mama," karani alimwambia. Waliyapokea vizuri sana, hayakuonekana tena.

Mwenye hotuba alikuwa Ndugu Mwinshehe, Mzaramo aliyetoka Dar es Salaam katika ule mpango wa kuwapelekea watu wa mikoani madaraka yao. Madaraka yalifika kweli. Yalifika na Landrover, kaunda suti na tumbo. Akina mama walikuwa wamemtunza kipepeo cha ukili kilichofumwa KARIBU TABORA, naye alijipepea huku akisema.

"Hapa panasimama ghorofa nne, ndugu wananchi! Ofisi, ukumbi, kantini!"

"Na bustani je?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Bustani ni awamu ya pili." Alicheka. "Mnataka kukaa chini ya miti kama nyani? Anayependa miti aende kijijini, malori yapo."

Watu walipiga makofi. Makofi nayo yalihesabiwa kuwa kazi.

Koleta alimlaza Raymundi kwenye kivuli kilichobaki kando ya kamba. Kisha akaikunja kanga yake kiunoni, akaruka kamba, akatumbukia katika msingi na kulala chali humo, mikono kifuani, kama maiti.

Polisi alipiga hatua.

"Mwache!" alipayuka Josepha, jirani yake wa kuuza karanga. "Mtani haguswi!"

Kicheko kikaenea. Nani asiyejua? Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu misafara ya pembe. Kwenye msiba, mtani hurukia kaburini akalala, na hakuna wa kumtoa kwa nguvu mpaka alipwe anachotaka.

"We Mzaramo!" Koleta aliita kutoka shimoni. "Babu zangu walikubebea pembe mpaka pwani, ukawauzia maji ya kisima. Leo umenifuata hadi kwetu uniuzie na hewa?"

"Toka, Mnyamwezi, nisije nikakumwagia zege."

"Mwaga! Ghorofa yako itanuka michembe mpaka kiama. Sitoki bila kulipwa."

Mwinshehe alicheka hadi tumbo likatikisika. Utani aliujua; ndio kitu pekee alichokijua cha Tabora. "Haya, taja. Unataka nini?"

Sauti ya Koleta ikaacha mzaha. "Upepo wa mume wangu. Basi."

Raymundi alikohoa kando ya kamba, kikohozi kirefu kisichotoa kitu. Mwinshehe alimtazama. Kipepeo kikasimama mkononi. Alimtazama tena, kwa muda hivi, na Koleta akainua kichwa.

"Umesema upepo?"

"Nimesema."

"Mashahidi mpo?"

"Tupo!"

Kipepeo kikaruka hewani, kikamwangukia Koleta kifuani.

"Upepo huo. Kampepee. Nimelipa!"

Watu walivunjika mbavu. Josepha alishika tumbo, machozi yakamtoka. Koleta alingoja kicheko kiishe. Hakikuisha.

"Si huo," alisema. "Nilisema..."

"Umelipwa, shoga." Josepha aliteremka shimoni, akamshika mkono. "Ukilipwa unaamka. Usitutie aibu mbele ya mgeni."

Polisi hakuhitajika. Walimwinua wenzake, wakamkung'uta udongo mgongoni kwa upendo wote, wakimwambia leo amepatikana. Kabla hajafika kwenye kamba, shoka la kwanza lilikwisha lia.

Alasiri mabati yalikuwa yamenyamaza, yanachoma tu. Koleta alipepea. KARIBU TABORA ilipita usoni mwa Raymundi, ikarudi, ikapita. Mkono wa kulia ulipochoka, alihamia wa kushoto. Wa kushoto nao ukachoka, akautua magotini kidogo tu.

Upepo ulipokatika, Raymundi akafumbua macho.