Mgongo wa Emérance

Wanawake wa nyumba ya watoto pale Mbunya walikuwa na neno moja tu kuhusu Angélique: mtoto ana shetani. Emérance hakulikubali neno hilo hata siku moja. Mtoto wa miaka saba, aliyeokotwa kando ya barabara ya Djugu kijiji chao kikiwaka moto nyuma yake, shetani angepata wapi nafasi ya kukaa? Lakini sahani zilikuwa zinaruka, hilo halikuwa uongo. Watu wamekaa wanakula, wametulia, mara paa! sahani ya bati iko ukutani, maharagwe yako kichwani mwa jirani, na Angélique anapiga kelele mpaka barabarani.

Aliyeweza kumtuliza alikuwa mmoja. Emérance aliacha yote, akaja mbio, akamweka mgongoni, akamfunga kwa kikwembe, kitenge chake, akazunguka uani akiimba polepole hadi mtoto anyamaze. Mtoto mkubwa hivyo, miguu inaning'inia! Wenzake walicheka. Wacheke. Binti wa Emérance mwenyewe alifia porini walipokuwa wakikimbia kutoka Mongbwalu, naye alikuwa wa umri uleule. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na kulikuwa na jambo ambalo Emérance hakumwambia hata padri: sahani ikigonga ukuta, moyo wake ulifurahi kidogo, maana alijua anayeitwa ni yeye.

Ndipo akaletwa Ketsia.

Wakati huo vita vilikuwa vimepoa kidogo mjini, askari wa kofia za bluu wakizunguka barabarani, na Donatien, mkuu wa nyumba, akapata msichana aliyesomea Kisangani mambo ya tabia za watoto. Hajazaa, viatu safi, daftari kwapani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Emérance alimtazama mara moja tu akajisikia mgonjwa.

Siku tano nzima Ketsia alikaa kwenye kibao kirefu karibu na mlango wa jikoni, akiangalia na kuandika.

"Huyu kazi yake ni kuandika tu?" Emérance aliuliza kwa sauti ya kusikika. "Siye tunafula, tunapika, yeye iko anaandika!"

Siku ya sita Ketsia akamwita, akamwonyesha daftari. Kila ukurasa ulikuwa umegawanywa mara tatu: kilichotokea kabla ya sahani, sahani yenyewe, na kilichotokea baadaye.

"Uangalie, Mama Emérance. Sahani imeruka mara kumi na ine. Mara kumi na mbili, mbele ya kuruka weye ulikuwa umebeba mutoto mwengine. Na nyuma ya kuruka, kila mara, unamuweka ule mwengine chini, unamubeba Angélique." Alifunga daftari taratibu. "Hakuna shetani, mama. Mutoto anaomba mugongo yako. Hajui njia ingine ya kuomba, na hii inamusaidia, sababu unakuya mbio."

"Kumbe ni miye namuharibu!"

"Sikusema vile. Mugongo yako ni dawa. Tumufundishe tu kuiomba vizuri: akugonge na mukono mara mbili. Akigonga, umubebe pale pale, hata kama bugali inaungua. Akitupa sahani, usikimbie, usimuangalie."

Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Emérance aliwaka. "Weye umezaa mara ngapi?" akauliza. Ketsia aliinamisha kichwa, na Emérance akaona raha, tena raha tamu.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Sahani ziliongezeka, kama Ketsia alivyokuwa ameonya. Emérance alisimama mlangoni akishika mbao kwa mikono miwili asije akakimbia, na machozi yakimtoka. Halafu asubuhi moja, wakati anachambua sombe, majani ya muhogo, akasikia mkono mdogo begani: mara moja, mara mbili. Aliangusha sombe yote. Alimbeba mtoto hadi jua likawa kali.

Angefurahi, kama si kitu kimoja. Aliyemfundisha mtoto ule mkono alikuwa Ketsia. Waliufanya mchezo wao wawili pale kwenye kibao, gonga-gonga, na siku moja Emérance akatoka jikoni akamkuta Angélique mgongoni mwa Ketsia, anacheka. Mgongo wa mtu asiyezaa! Siku hiyo alifua shuka moja mara tatu.

Juma lililofuata Donatien alileta habari. Mama mdogo wa Angélique amepatikana Mahagi, jina lake Agathe, anakuja Jumapili kumchukua. Nyumba mbili zilikwisha kumrudisha mtoto kwa sababu ya zile sahani, kwa hiyo Donatien aliomba kila mtu awe mwangalifu. "Akitupa sahani mbele ya Agathe, yule mama ataogopa. Mutoto atabaki hapa."

Atabaki. Emérance hakusikia neno lingine. Na namna ya kumfanya mtoto arushe sahani aliijua vizuri. Ketsia mwenyewe alikuwa amemwonyesha, tena kwa maandishi.

Jumapili baada ya misa Agathe alifika, na vumbi la lori kwenye nyusi, na kifurushi cha samaki wakavu wa ziwani. Alikuwa na pua ileile ya Angélique. Hata hiyo pua ilimuudhi Emérance. Wakakaa kula, mtoto kando ya mama yake mdogo, sahani mapajani.

Hapo Emérance akainuka. Alimchukua Aimé, mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa amejilalia zake, akamfunga mgongoni, akaja kusimama mbele ya Angélique, akaanza kuimba ule wimbo wao. Kalamu ya Ketsia ilisimama. Wakatazamana. Ketsia alielewa kila kitu.

Vidole vya Angélique vilikaza ukingo wa sahani. Ikapanda, ikafika kifuani. Tupa, Emérance aliomba moyoni. Tupa, mama, ubaki na miye.

Mtoto akaiweka chini. Alizunguka benchi, akaja nyuma ya Emérance, na kwa kuwa bega lilikuwa juu mno, akagonga kiunoni. Mara mbili. Akangoja.

Emérance hakugeuka. Alijua kwamba akikaa hivyo kidogo tu, sahani itaruka, lori litaondoka tupu, naye atabaki na mtoto wake. Na mtoto wake atakuwa amejifunza kwamba hata mkono hausikilizwi.

Angélique akagonga tena, safari hii polepole sana, kama anaomba msamaha. Emérance alishindwa. Alimfungua Aimé, akamwacha mikononi mwa Ketsia, akachuchumaa. Mtoto alipanda, akalaza shavu lake mahali pale pale pa siku zote.

"Anataka nini?" Agathe aliuliza, hajaelewa.

"Anataka kubebwa, ni ile tu. Akikugonga vile, usichelewe, hata bugali iungue." Emérance alimkaza mtoto kwa kikwembe. "Na asipogonga, umubebe tu."

Kisha akafungua kikwembe chake, akamwambia Agathe ainame, akamfungia mtoto mgongoni kwa mikono yake mwenyewe. Alikaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena. Kikwembe kilikwenda nao Mahagi.

Lori lilipoondoka, Emérance alirudi kuosha vyombo. Sahani ya Angélique ilikuwa ya mwisho, imepinda pembeni kwa kugonga ukuta mara nyingi. Aliishika. Akautazama ukuta. Mkono wake ukainuka wenyewe, na kelele ikamjaa kooni.

Ketsia alikuwa kwenye kibao chake, amempa mgongo, anaandika. Angeweza kumwambia Donatien yote aliyoyaona, na hakumwambia. Emérance aliweka sahani chini, akapangusa mikono kwenye gauni. Akaenda akasimama nyuma ya msichana, akamgonga begani mara mbili.

Ketsia aliweka daftari chini, akajisogeza kwenye kibao, akampa nafasi.