Ngumi za Aikaeli

Baba alirudi kutoka kwa jirani yetu mzee Yoramu bila lile jani la sale mkononi. Kwetu Masama mtu akikuletea jani hilo kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Ukilipokea, yameisha.

"Kalipokea?" Bibi akauliza.

"Kalipokea. Kasema mtoto atalegea."

Mtoto mwenyewe, mdogo wangu Aikaeli, alikuwa mapajani mwa mama, miguu imepishana kama mkasi, ngumi zimebana chini ya kidevu. Alikuwa na miaka minne na hajawahi kukaa peke yake. Kila asubuhi mama alipasha mafuta, akazifungua ngumi zile kidole kimoja kimoja, kwa subira ya mtu anayemenya ndizi mbichi yenye utomvu. Ikifika saa ya chai zilikuwa zimeshajifunga tena.

Daktari wa mjini Moshi alitueleza vizuri. Aikaeli alichelewa kulia alipozaliwa, ubongo ukakosa hewa, na tangu hapo unaiamuru misuli ikaze, ikaze tu. Alitupa vidonge vya kuilegeza, akaonya visikatishwe ghafla. Bibi alikuwa na maelezo mengine. Mama akiwa na mimba, baba aling'oa masale ya mpakani akayapanda ndani ya kihamba cha mzee Yoramu, shamba lake la migomba. Mzee alisimama akamtazama mpaka akamaliza, akasema, "Sawa." Basi. Bibi aliamini ile "sawa" ndiyo iliyomkaza mtoto.

Jioni ile baba alikuwa mwepesi. Sikuwahi kumwona hivyo, na sijamwona tena. Mchana alikuwa ameyarudisha masale mahali pake kwa mikono yake, kucha bado zina udongo. Akachukua vidonge dirishani, akavimwaga kwenye moto wa jikoni.

"Baba Eliaichi!" Mama alisimama na mtoto mikononi, akimwita kwa jina langu. "Daktari alisemaje?"

"Mtu amekusamehe, halafu wewe unaendelea kutibu? Si ni kumwita mzee wa watu mwongo?"

"Misuli haina habari na mpaka wako!"

"Punguza sauti. Atasikia."

Mama alisema Jumatatu atashuka naye Moshi, wapende wasipende. Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, Aikaeli alipinda mgongo hadi kisogo kikakaribia visigino. Mwili ulichemka. Degedege ilimshika, ikamwachia, ikamshika. Mzee Yoramu ndiye aliyetoa gari la kutukimbiza Moshi, na ndiye aliyeendesha, midomo ikichezacheza kwa sala. Tulipofika Bomang'ombe mama akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, geuza."

Leo masale ya mpakani yamenipita urefu. Mengine yako juu ya kaburi la Aikaeli, chini ya migomba; aliyapanda mzee Yoramu, na baba alimshikia jembe. Wale wawili hawajagombana tena.

Mimi nakumbuka beseni. Nililishika mama alipokuwa akimwosha. Miguu ilikuwa imeachana. Mkono wa kulia ulilala juu ya kanga, kiganja juu, vidole vyote vimefunguka vyenyewe.

Bibi alisogea akainama.

"Amelegea," akasema, taratibu, kama anayetuletea habari.

Mama aliniambia nimletee mafuta. Akayapasha, akaushika ule mkono uliofunguka, akaanza na kidole gumba.