Kiti cha Mlangoni

Dada yangu Leokadia alipopata kiharusi, Mungu alimwachia mkono wa kushoto, neno "hapana" na tusi moja. Tusi lenyewe ni "damu ya mbwa". Baba yetu alikuwa akimtukana nalo farasi wake, na dada maisha yake yote hakuwahi kulitamka, hata siku mfuniko wa piano ulipombana kidole. Padre alipomletea komunyo nyumbani akamuuliza, "Unajisikiaje, Bi Leokadia?" Akamjibu vizuri kabisa, kwa sauti yake ya ualimu:

"Damu ya mbwa."

Nikamwambia padre kwamba hata daktari hajaeleza ugonjwa huu vizuri kiasi hicho.

Mimi naitwa Pelagia, watu huniita Pela. Niliishia darasa la saba, nikapika viazi kwenye shule ya chekechea mpaka nikastaafu. Aliyesoma ni dada. Alifundisha piano hapa hapa Kalisz, kwenye nyumba yetu ya ghorofani, na nusu ya watoto wa mji huu wamelilia kwenye kile kistuli chake. Tuliishi wawili. Kwa waume hatukubahatika: wangu alikufa, wake hakutokea.

Katika vyote alivyofundisha, kilichomkaa rohoni ni walsi moja ya zamani, ya enzi za mishumaa na magari ya farasi. Walsi ni ngoma ya kuzunguka wawili wawili, mm-pa-pa, mm-pa-pa. Mkono wa kushoto ndio unaopiga hiyo mm-pa-pa, kama mwanamume anayeongoza. Wa kulia unaimba, kama mwanamke anayezungushwa huku anawaza mambo yake. Hiyo ya dada inaanza kwa huzuni. Katikati inachangamka, kama mtu aliyeonja kinywaji cha cheri. Halafu ule wimbo wa mwanzo unarudi mara ya mwisho, vilevile ulivyokuwa, hakuna kilichobadilika. Karatasi haisemi urudi vipi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Dada alisema urudi moja kwa moja, bila kupumua. "Walsi haisimami! Anayesimama katikati ya watu wanaocheza hugongwa."

Dobromir yeye alisimama. Alikuwa kijana mrefu, shingo kama ya bata, mwanafunzi bora kuliko wote aliopata, na alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia shule kubwa ya muziki Warszawa. Kila akifika pale, kabla wimbo haujarudi, alinyanyua mikono na kuiacha hewani kidogo. Dada anagonga piano kwa penseli. Anarudia. Anasimama tena.

"Kuna nini hapo?" dada akamuuliza.

"Kuna mtu amekaa, Mwalimu."

"Amekaa? Hii ni ngoma au ni foleni ya daktari wa meno?"

"Sijui kwa nini amekaa. Ila amekaa."

Dada akafunga mfuniko. Akamwambia akapige hivyo mbele ya watahini, halafu arudi kwao akafuge kuku. Dobromir akavaa koti akatoka. Alipofika katikati ya ngazi akakumbuka glavu zake, akarudi. Dada akazichukua, akamkabidhi pale pale mlangoni, yeye ndani, kijana nje, mikono juu ya kizingiti.

Kwetu hakuna anayefanya hivyo. Huwezi kumpa mtu mkono juu ya kizingiti, wala kumsalimu, wala kumpa kitu. Na mtu akitoka kisha akarudia alichosahau, humwachii aondoke hivi hivi. Lazima aingie, akae kitini, ahesabu mpaka kumi, ndipo atoke tena. Asipokaa, safari yake inaharibika. Ndiyo maana kila nyumba ina kiti karibu na mlango. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nikaona kila kitu, kisu kikaniponyoka.

Dobromir alipiga mtihani wake kama alivyoamriwa, akafaulu. Baadaye akawa mtu mkubwa. Redioni walikuwa wakisema anapiga walsi kwa usafi, bila kulialia, na dada alikuwa ananyooka kitini kama aliyevishwa nishani. "Unasikia, Pela? Hasimami." Lakini kuja, hakuja.

Sasa, mwaka jana baada ya Pasaka tulikuwa tunakwenda makaburini kusafisha kaburi la mama. Tulipofika chini nikakumbuka nimesahau mwavuli. Tukapanda tena, dada akinisema njia nzima. Nikachukua mwavuli, nikakaa kwenye kiti cha mlangoni kama nilivyofundishwa na mama, nikaanza kuhesabu. Na kwa kuwa dada alikuwa na haraka, nikahesabu polepole.

"Pela, usinichokoze."

"Nne," nikasema. "Unataka tugongwe na gari? Taaano."

Nilitarajia anigombeze. Nilipogeuka nikamkuta ananitazama, mimi na mwavuli wangu mapajani, kama vile ananiona mara ya kwanza. Akaenda kwenye piano akiwa na koti lake na kofia yake. Akapiga ile sehemu iliyochangamka, akafika pale, akanyanyua mikono. Kimya. Kisha wimbo ukarudi, na ukawa wimbo mwingine kabisa, na hata noti moja haikuwa imebadilika. Mimi siujui muziki, lakini niliushika mwavuli kwa mikono miwili.

"Huyo aliyekaa amerudia kitu alichosahau," dada akasema. "Hakuja kukaa. Anakaa tu kabla ya kuondoka, maana safari hii harudi tena. Yule kijana alikuwa anamwona, Pela. Mimi nikamfukuza."

"Basi mpigie simu umwambie."

"Kwenye simu? Atakuja siku ya somo wangu. Nitampigia hiyo walsi, na atakaa kwenye kile kiti."

Kwetu sikukuu ya somo haina mwaliko. Anayekukumbuka siku ya mtakatifu wa jina lako anakuja, unamkuta mlangoni na maua. Kumwita mtu ni kuomba. Na dada hakuwa mtu wa kuomba. Tangu siku ile, redio ikipiga muziki wa Dobromir, aliizima. "Anapita mbio mbele ya kiti," alisema, "na mimi ndiye niliyemfundisha kukimbia." Akawa anahesabu majuma kufika Desemba. Kiharusi hakikusubiri, kilimkuta Septemba, anamenya tufaha.

Basi mimi nikampigia Dobromir. Sikumwalika, msinielewe vibaya. Nilimwuliza tu kama kule Warszawa pia tarehe tisa Desemba ni siku ya Mtakatifu Leokadia, au wenzetu wa mji mkuu wana kalenda yao.

Akaja! Saa tisa alasiri, theluji kwenye mabega, kipara kinang'aa, mikononi maua ya waridi na keki ya mbegu za popi ya dukani, ambayo nilimsamehe. Dada nilimkalisha karibu na piano, nimemvalisha blauzi ya hariri, mkono wa kulia nimemlazia mapajani kama samaki. Dobromir akapiga magoti akambusu mkono wa kushoto.

"Mwalimu," akasema, macho yamejaa, "nilikukasirikia miaka mingi. Sasa nafundisha mimi, na kila siku nakutajataja. Ulikuwa sahihi. Walsi haisimami."

"Hapana," dada akasema.

Dobromir akacheka. "Hajabadilika! Haya, Mwalimu, nisikilize, uniambie."

Akakaa akapiga. Jamani, vidole vile! Kila kitu safi kama vyombo vya Krismasi. Akafika pale, akapita.

"Hapana! Hapana!" Dada anapiga mkono wa kiti. "Damu ya mbwa!"

"Nimekawia, eh? Nilijisikia mwenyewe, nimevuta kidogo." Akarudia. Safari hii alipita kwa kasi zaidi.

Nikaweka chini sahani ya samaki wa chumvi. "Dobromir, mwanangu, anasema ulikuwa sahihi wewe. Ile siku. Anataka usimame."

"Shangazi Pela!" Akanitikisia kidole. "Si wewe uliyeniambia ndani ya piano kuna panya anayevuta nyuzi? Niliogopa kukanyaga pedali mwezi mzima."

"Huu si utani."

"Na ile ya panya ulisema hivyo hivyo."

Nilimweleza habari ya mwavuli. Nilimweleza habari ya kiti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyocheka, maana mwavuli ni kitu cha kuchekesha, na mimi sijui kusema jambo bila uso wangu kulifanyia mzaha. Mdomo huu umepinda hivyo tangu ujana. Nikamtazama dada nikitaka anisaidie, naye akanitazama akitaka nimsaidie.

Kisha akaunyoosha mkono wa kushoto kwenye piano. Tukamsogeza. Akaanza, mm-pa-pa, mm-pa-pa, ule mkono wa mwanamume anayeongoza, na mikononi mwake hamna mtu. Sehemu iliyochangamka ikapita, tukawa tunausikia wimbo usiokuwepo. Akafika pale, akanyanyua mkono, akauacha hewani. Akageuka akamtazama Dobromir.

Nikasema moyoni, sasa ameona. Sasa hahitaji neno la mtu.

Machozi yakamtoka Dobromir. "Basi, Mwalimu, basi. Usijichoshe." Akaushika ule mkono uliokuwa hewani, akaurudisha taratibu juu ya vibonye vya piano, na yeye kwa mkono wake wa kulia akaupiga wimbo mpaka mwisho, akimvuta dada kama mtu anayemvusha kizee barabara.

Dada hakusema hata hapana.

Dobromir alikunywa chai, akala keki yake mwenyewe, akaniambia teksi inamsubiri chini kwa sababu ana treni. Akambusu dada paji la uso. Tukaagana ndani, si mlangoni, kwa adabu. Nikafunga mlango, na nilipogeuka nikaiona kofia yake ya manyoya juu ya piano.

Wakati huo huo tukasikia viatu vinapanda ngazi.

Dada alinyooka. Mkono wake wa kushoto ukaelekea kwenye kiti cha mlangoni, ukabaki umeelekea. Nikafungua mlango kwa upana wote, nikavuta kiti katikati.

"Kofia, Shangazi!" Anahema, amesimama nje, mkono ameunyoosha juu ya kizingiti.

Nikaificha mgongoni. "Ingia ukae kwanza."

"Teksi, Shangazi!"

"Uhesabu mpaka kumi. Hata tano. Dobromir, nakuomba, kaa."

Nadhani maishani mwangu sijawahi kumwomba mtu. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. Akanitazama, akakitazama kiti, akachungulia ndani akamwona dada na mkono wake. Nikaona uso wake unataka kukumbuka kitu. Chini teksi ikapiga honi.

"Mh, Shangazi Pela wewe!" akasema akicheka. "Karibu unipate. Basi kaeni nayo rehani, nitaifuata Pasaka." Akateremka kichwa wazi kwenye theluji, ngazi mbili mbili.

Mkono wa dada ulichukua muda kushuka.

Daktari amesema Pasaka tusiipangie. Kwa hiyo sipangi. Napika, namgeuza kitandani, nampaka mafuta mgongoni. Piano hasogei tena kuigusa. Juzi, Januari, redio ilitangaza kwamba Dobromir anapiga kutoka Warszawa, ukumbi umejaa. Nilitaka kuizima, dada akasema hapana, nikaiacha. Tukasikiliza. Ilipokaribia pale nilijikuta nimekishika kitambaa cha meza.

Akapita. Hata hakupunguza.

"Hapana," dada akasema, kwa sauti ndogo, si ya kugomba. Watu kule wakaanza kupiga makofi.

Nikaenda nikaichukua ile kofia, nikaivaa, nikasimama mbele yake nikazunguka, mm-pa-pa, mm-pa-pa, na makalio yangu haya. Hakucheka. Kofia ni kubwa, iliniangukia mpaka kwenye macho. Nikaiacha hapo hapo.