Mstari Uliokataa Kufutika

Saa tatu asubuhi fundi wa maabara alitoa kwenye friza kichupa kidogo kuliko kidole gumba, akakifuta barafu kwa aproni, akakifungua. Kilikuwa kimekaa mle miaka minne bila kuguswa, kwa sababu mkuu wa maabara alisema kukitumia ni kupoteza muda.

Ndani yake mlikuwa na kipande cha ile protini inayopeleka amri ndani ya seli, iliyoipa maabara nzima sifa. Kingamwili waliyonunua ilipaswa kuikamata protini hiyo peke yake na kuacha mstari mweusi kwenye filamu. Ukiishibisha kingamwili kwanza kwa kile kipande, haina tena mkono wa kushikia, na mstari unapotea. Mstari ukibaki, basi siku zote ilikuwa ikikamata kitu kingine, na yote yaliyoandikwa juu yake ni uongo.

Fundi alikuwa na sababu ya kutaka kujua. Mama yake mdogo, aliyemlea, alikuwa mmoja wa wagonjwa arobaini walioacha dawa zao za zamani ili wameze vidonge vilivyozaliwa na mstari ule.

Kesho yake filamu ikatoka. Mstari ulikuwepo, mweusi tititi. Akarudia kwa kipande maradufu, ukabaki. Ijumaa, mara ya tatu, mstari ulishuka kwenye filamu, ukapita mezani, ukapanda ukutani na kutulia usawa wa macho, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Mfagiaji alijaribu sabuni, akasema hautoki, akaendelea na korido.

Mkuu aliutazama kama mtu anavyotazama saa.

"Nani kakwambia ufungue kile kichupa?"

"Daktari, wale watu wanameza bure. Wanazidi kuumwa."

"Makala imeshatoka. Maji yakimwagika hayazoleki, binti."

Watu arobaini, na yeye akaagiza seremala! Rafu ikapigiliwa kufuata mstari wote. Wakapanga vikombe juu yake, na ikapendeza, tuseme ukweli. Kisha mkuu akajifungia ofisini na simu hadi saa kumi na moja.

Jioni fundi alimkuta mama mdogo kwenye sinki, amekonda, akisugua shingo. Mstari ulikuwa umempita kooni, kutoka sikio hadi sikio.

"Mama, viache hivyo vidonge. Rudi kwenye dawa zako. Nimepima mwenyewe, mara tatu."

"Mkuu wenu kanipigia simu leo. Mtu mwenye shughuli kama yule! Katupigia wote arobaini. Anasema mstari ukitokea ndiyo dawa imeshika."

"Kadanganya."

Mama mdogo alimpangusa shavu kwa kiganja chenye povu.

"Wewe mwanangu unaosha vichupa. Yule ni daktari."

Akameza kidonge cha jioni, akaenda kubandika chai.